Kitambi cha Meya Mbele ya Mstari

Manispaa ya San Celestino ilitangaza kwa vipaza sauti, mtaa kwa mtaa, kwamba kuanzia Jumapili ile dhuluma katika soka imekomeshwa rasmi. Ingekomeshwa na Kurugenzi ya Marudio ya Video na Mistari ya Kuotea, chombo cha kwanza cha aina yake nchini Paragwai, ukiondoa miji yote ambayo tayari inacho. Mkurugenzi wake alikuwa Eligio Portillo, mtu makini, mwenye tai hata kwenye joto la Januari.

Eligio alistahili cheo hicho. Kwa miaka mingi alikuwa mtumishi wa mkataba, akiishi roho juu kila mkataba ulipokaribia kwisha. Safari hii meya, Don Hermenegildo Cabañas, alimwahidi ajira ya kudumu Jumatatu asubuhi. Masharti yalikuwa mepesi: haki itendeke, na timu ya manispaa ichukue kombe. Eligio hakuona mgongano wowote hapo.

Mshambuliaji wa kati wa timu ya manispaa alikuwa meya mwenyewe. Umri ulikuwa umekwenda, kitambi kimekuja, na mbio hakuwa nazo tena, hivyo mpira aliusubiria karibu na golikipa wa wapinzani, wakipiga soga. Washika vibendera waliompungia kwamba ameotea walihamishiwa idara ya majitaka, mmoja baada ya mwingine. Walipokwisha, ikaonekana kwamba sayansi inahitajika.

Kurugenzi ilikaa chini ya turubai kando ya uwanja, ikiwa na kamera ya kupigia picha za harusi, televisheni, wajumbe wawili na jagi la tereré, chai baridi ya majani ya mate, lenye barafu. Kibuyu kilizunguka mkono kwa mkono, wote wakinyonya mrija ule ule, maana San Celestino haitambui kikao kilichokaa bila tereré.

Fainali ilikuwa dhidi ya Barrio Laguna. Zikiwa zimebaki dakika chache, matokeo yakiwa bila bila, mpira ulimkuta Don Hermenegildo pale pale alipokuwa amesimama tangu mapumziko. Akausukuma wavuni. Refa akachora mraba hewani na kukimbilia chini ya turubai.

Eligio alisimamisha picha na kuweka rula juu ya kioo. Kwa bahati njema ya meya, beki mmoja wa Laguna alikuwa amelala langoni, amebanwa na misuli. Miguu ya meya haikumpita beki huyo. Magoti hayakumpita, wala kichwa. Kitambi kilikuwa kimevuka, tena kwa kujiamini.

Ña Saturnina, muuza mikate ya jibini iitwayo chipa na mwenyekiti wa klabu ya Laguna, alikuwa ameshafika, kapu kichwani.

"Ameotea," alisema. "Tumbo liko kwa jirani kabisa."

"Sheria inahesabu kiungo kinachoruhusiwa kufunga bao tu, Ña Saturnina," Eligio alisema. "Mkono hauhesabiwi. Na kitambi, kwa tafsiri ya kurugenzi, ni mzigo."

"Mzigo? Nusu fainali mlifunga na nini?"

Kibuyu kikaganda mkononi mwa mjumbe. Ushindi wa nusu fainali ulipatikana kwa kitambi hicho hicho, mji mzima ulishuhudia, na kesho yake shule zilifungwa kwa heshima yake.

"Chagua, mwanangu," Ña Saturnina alisema kwa upole. "Kama kinafunga, basi ameotea. Kama hakifungi, nusu fainali hamkushinda, na hapa mnafanya nini?"

Eligio aliogopa kwelikweli. Aliiona ajira yake ikiyeyuka pamoja na barafu. Aliyemwokoa ni meya, aliyekuja akihema na kunyakua kipaza sauti.

"Wananchi, kitambi hiki si changu," alisema. "Kimetokana na hafla za manispaa, nikila nyama choma kwa niaba yenu. Ni mali ya umma. Mali ya umma si mchezaji, haiwezi kuotea. Na bao la nusu fainali lilifungwa na manispaa yenyewe, ambayo ndiyo timu iliyosajiliwa."

Jukwaa la wageni waalikwa lilipiga makofi. Wajumbe walitikisa vichwa kukubali. Eligio alishusha pumzi, akapokea kipaza sauti na kutangaza kwamba kitambi kimetambuliwa rasmi kuwa mali ya umma. Kisha mazoea yakamponza. Kabla ya kupewa ukurugenzi alikuwa akisimama kila Jumapili kwenye geti la manispaa akizuia magari ya serikali, na swali likamtoka lenyewe, kipaza sauti kikiwa bado kinawaka.

"Mheshimiwa, kibali cha kutumia mali ya umma Jumapili kiko wapi?"

"Kibali gani, Eligio?"

"Kile ulichokiweka wewe, ulipomkamata meya aliyepita akienda kuvua samaki na gari la takataka."

Don Hermenegildo alimsogelea sikioni. "Usinifanyie hivi, kijana wangu. Kesho nina barua yako ya ajira ya kusaini."

Lakini uwanja mzima ulishasikia swali na ulikuwa unangoja jibu. Eligio alilegeza tai. Ilimuuma, wala hakuficha.

"Bila kibali," alisema, "mali inazuiliwa bohari, na aliyeitumia anasimamishwa kazi papo hapo. Bao limefutwa."

Hivyo ndivyo ajira ya kudumu ilivyokwenda na maji. Mpira uliendelea bila meya, na Laguna wakafunga bao la kawaida, la mguu.

Watu wa bohari walifika na mkokoteni. Don Hermenegildo alilalamika kwamba yeye ni raia huru, hajashtakiwa kwa lolote, na anataka kwenda nyumbani kula. Eligio alikubali bila kusita. Alimweleza kwamba hakuna anayemzuia, anaweza kuondoka saa yoyote apendayo. Kinachobaki ni kitambi tu.