Muhuri Kwenye Mchoro wa Mkurugenzi

Jumatatu, 3 Machi
Wiki moja imebaki. Jumatatu ijayo Mkurugenzi anaamua kama nathibitishwa kazini au narudishwa kwa mama. Miezi sita ya majaribio sijachelewa, sijabishana, sijakohoa mkutanoni. Kosa langu ni moja. Kwenye usaili niliulizwa napendelea nini, nikajibu sanaa ya kisasa. Nilikuwa nimeona picha kwenye kalenda ya ukutani. Ilionekana jibu salama. Leo ametangaza kwamba amenunua mchoro wa kikubisti wa kutundika mapokezi, na Ijumaa, mbele ya mchoraji na wageni, mimi ndiye nitakayeueleza. Nikasema itakuwa heshima. Neno kikubisti nimelisikia leo.

Jumanne, 4 Machi
Mchoro umeletwa masijala, maana kila kinachoingia ofisi hii hupitia kwetu. Dada Jalada, karani wetu mkuu, ana miaka ishirini na saba humu na hajawahi kupoteza karatasi wala nafasi ya kunisema. Aliufunua, akauliza kama umeanguka njiani, kisha akaenda kunywa chai. Unaitwa "Mpiga Tarumbeta". Nilihesabu pua mbili, nusu tatu za tarumbeta, na kitu ambacho ni kiwiko au meza.

Simu ikalia. Nikaongea huku mkono ukiendelea na kazi yake. Barua, muhuri. Bahasha, muhuri. Mchoro, muhuri.

IMEPOKELEWA, na tarehe ya leo, kona ya chini kulia. Wino wa zambarau. Miezi sita ya uangalifu.

Jumatano, 5 Machi
Mbinu ya kwanza: pamba na spiriti. Muhuri haukutoka. Kidole kimoja cha mpiga tarumbeta kilitoka. Nikaacha.

Mbinu ya pili: elimu. Nimeazima kitabu maktaba. Kumbe wakubisti walichoka kuchora kitu kutoka upande mmoja, kana kwamba mchoraji amefungwa kwenye kiti. Wanakuonyesha uso, ubavu na kisogo kwa mpigo mmoja. Wanalivunja umbo vipande vyenye pembe, halafu hawalirudishi. Rangi ni kahawia na kijivu, usije ukafurahi bure. Na ukurasa wa arobaini na moja nilitaka kuubusu: baadaye walianza kubandika vipande vya magazeti, lebo za chupa na herufi za chapa. Vitu vya kila siku ndani ya mchoro! Kuna kitu cha kila siku kuliko muhuri? Nimeokoka.

Alhamisi, 6 Machi
Mchoro umetundikwa. Mkurugenzi aliuliza ile kona ni nini. Nikamwambia ndicho kiini chenyewe: urasimu unapokutana na muziki. Akatikisa kichwa taratibu kukubali, kama mtu anayeelewa. Mhasibu naye akatikisa, kwa kuwa bosi ametikisa.

Dada Jalada hakutikisa. Alivaa miwani, akainama, akaninong'oneza: "Mdogo wangu, hiyo M iliyokatika mguu naifahamu. Huo muhuri wetu." Nikasema wasanii huokota vitu popote. "Popote, na tarehe ya juzi?" Akaenda zake akicheka. Huyu atanimaliza. Nia yake iko wazi: anataka nafasi yangu ampe mpwa wake. Hana mpwa, lakini anaweza kupata.

Ijumaa, 7 Machi
Wageni kumi na wawili, na mpiga picha wa gazeti. Nikaeleza pembe, vipande, pande tatu kwa mpigo. Sauti ilitoka kama ya mtu aliye ndani ya kabati. Nilipofika kwenye kona, mchoraji, mzee mfupi mwenye rangi kavu kwenye koti, aliuliza kwa upole nani kaweka kitu kile kwenye kazi yake.

Mkurugenzi akanitazama. Nikageuza karatasi yangu ya maelezo, kana kwamba jibu liko nyuma.

Ndipo Dada Jalada akasogea mbele, kikombe mkononi. "Ni mimi, mzee wangu. Miaka ishirini na saba nagonga mihuri, mkono hauniulizi tena. Nisamehe."

Mkurugenzi akamwambia wataonana Jumatatu kuhusu barua ya onyo. Lakini mchoraji alikuwa amekaribia, akarudi nyuma, akakaribia tena. Akasema mwaka mzima kona ile ilikuwa inamsumbua, na sasa haimsumbui. Asiiguse mtu. Wakapigwa picha pamoja, yeye na Dada Jalada. Onyo likafutwa palepale.

Mlangoni Dada Jalada alinivuta shati. "Barua yako ya kuthibitishwa iko kwenye jalada la Jumatatu. Wewe nyamaza tu."

Jumapili, 9 Machi
Picha yao imetoka gazetini. Chini wameandika "mchoraji na mshirika wake". Mshirika!

Sasa nauona mchezo wote. Alinyamaza siku nzima akisubiri sifa ziive, kisha akazichuma mbele ya wageni, na mimi nimesimama pale na karatasi yangu. Eti ninyamaze.

Nimemwandikia Mkurugenzi barua ya kurasa mbili, kwa mwandiko safi. Nimethibitisha kwamba muhuri niliupiga mimi, saa nne na dakika kumi asubuhi, nikiwa kwenye simu. Nimeongeza na habari ya kidole na spiriti, mchango ambao bado hakuna aliyeutaja. Kesho nitawahi kuiweka mezani kwake, aisome kwanza kabla hajasaini ile nyingine ya kunithibitisha.