Nyuki kwa Kitambaa Changu, Wakwe Wakiangalia

Huu mwaka mnaujua. Ni ule wa mbaazi. Tumekula mbaazi na muthokoi wa mahindi, mbaazi na wali, mbaazi na chapati, mpaka mjukuu wangu mdogo akiona sufuria anauliza, "Susu, leo tena?" Na bado zimechanua mara ya pili, shamba lote ni manjano na nyuki. Sasa mkiulizwa baadaye nyanya wa Kathiani aliaibika lini, semeni mwaka wa mbaazi. Ni leo saa sita mchana. Hata supu haijapoa.

Wakwe walikuwa wanatoka Wamunyu kuleta ntheo ya Mwende, mjukuu wangu. Mbuzi watatu. (Kwa asiye Mkamba: mbuzi wakilala kwako, msichana ameposwa. Wakirudi au wakifa siku hiyo, kila mtu atasema ndoa imekataliwa na waliolala kaburini.) Mwende nimemlea mimi. Huyo kijana namtaka kuliko hata Mwende anavyomtaka.

Asubuhi kichwa kikaniuma. Moshi wa jikoni na kelele zangu mwenyewe. Mama Mwende akasema, "Mama, si umeze tembe moja?"

"Tembe ni za watu hawana mukandu," nikamjibu.

Mukandu ni ule mrehani wa porini, ukiugusa na nguo unanukia mpaka barabarani. Mimi huutia kwa supu. Huutia kwa chai. Mtoto akiwa na homa namfunika blanketi na mvuke wake. Na kichwa kikiuma unaponda majani, unayafunga na kitambaa, kwisha maneno. Nimezaa saba na hospitali hawajui jina langu. (Najisifu. Ngojeni.)

Nikaenda nyuma ya ghala kuchuma. Nikakuta majani yameshapondwa! Yako kwa karai, laini, yanateleza kama yametiwa mafuta. Nikasema, huyu mzee wangu, tangu anioe, leo ndio amenifikiria! Nikachota konzi mbili, nikapaka kichwa chote, nikafunga kitambaa changu kipya cha maua, kile cha kanisa. Kichwa kikapoa papo hapo. Nikanukia kama bibi arusi.

Kumbe mzee hakunifikiria mimi. Alifikiria nyuki. Alikuwa ameponda mukandu na nta ili apake ndani ya mwatu wake mpya, ule mzinga wa gogo, ndio nyuki wanaohama wasikie harufu waingie. Hiyo kila Mkamba anajua. Hata mimi najua! Lakini mtu akishafurahi kwamba amependwa, akili inatoka kidogo.

Wakwe wakafika. Mbuzi wakafungwa kwa nguzo, hatua tatu kutoka kiti changu. Nikasimama kuwakaribisha. "Hapa kwetu hakuna mgonjwa," nikaanza, "hakuna mvivu, hakuna mwoga..."

Syombua, nyanyake kijana, akaniinamia. "Mkwe wangu, kuna nyuki kwa kichwa chako."

"Ni mmoja. Amekuja kusalimia."

"Sasa ni kama kumi."

"Ni watu wa kwao."

Halafu nikausikia mlio. Kama mashine ya kusaga unga, lakini inakuja yenyewe! Kundi zima. Wakwe wakatimka. Mzee mmoja wa heshima, na kofia yake, aliingia kwa banda la kuku na akafunga mlango.

Na mimi niliinua mguu nikimbie. Ndio nikaona wale mbuzi. Mnajua ukikimbia nyuki wanakasirika, na mbuzi wa kamba hana pa kwenda. Nikaona kwa mawazo ntheo ya Mwende imelala chini, miguu juu. Nikarudisha mguu. Nikasimama kama mlingoti.

Wakatua. Wote! Wakaning'inia kutoka kitambaa mpaka bega, kama ndevu. Wazito, nyinyi! Na wana joto. Mmoja akatembea kwa pua yangu polepole, kama anatafuta mlango.

Mzee wangu akaja mbio. Mnadhani alinihurumia? Alikuwa anacheka kwa furaha, akaniita kwa jina la kifungua mimba wetu.

"Mama Mutinda! Usitingishike hapo! Hao nimewangoja mwezi mzima!" Akaleta mwatu wake. Nyuki hawakutaka. Akanusa. Akaniangalia. "Ni wewe ulichota kwa karai?"

Nikabana midomo. (Kuna nyuki kwa mdomo. Hiyo ndiyo sababu, si nyingine.)

"Hawatatoka kama hiyo dawa iko hapo. Toa kitambaa polepole."

Mbele ya wakwe? Nibaki kichwa wazi, nywele zimeshikana na majani na nta, wanaume wa Wamunyu wakiangalia? Nthoni iko wapi? Heshima ya wakwe iko wapi? Nikasema kwa upande mmoja wa mdomo:

"Kitambaa sitoi. Nimesema."

Mwende analia kwa mlango wa jikoni. Mbuzi wanalia mee. Basi mzee akafikiria, akalaza mwatu kwa nyasi, akatoa kifuniko. "Kama kitambaa hakitoki, ingia nacho."

Nikapiga magoti. Na rinda langu la kanisa. Nikaingiza kichwa ndani ya mwatu mpaka shingo, na sehemu ile nyingine nikawaachia wakwe. (Mungu aliiumba kubwa, si mimi.) Mzee akanipulizia moshi kwa shingo kidogo kidogo. Huko ndani kuna giza na kunanukia, nyuki wakaanza kuhama kutoka kwangu, mmoja mmoja, bila haraka. Nimekaa huko muda wa kupika ugali. Nje nikasikia babu ya kijana, ambaye ni mchongaji, anasema, "Nitamchonga hivyo hivyo alivyo. Nitahitaji gogo nene."

Nikatoka. Nyuki wamebaki ndani. Mbuzi wote wazima. Kitambaa kiko kichwani. Nimeumwa mara moja tu, kwa sikio. Syombua akashika mkono wangu, machozi ya kicheko yanamtoka: "Hawa mbuzi hawarudi. Wamelipiwa."

Sasa mbuzi wako zizini, Mwende anaimba, na kichwa hakiumi hata kidogo. (Mukandu ni dawa. Hilo sibadilishi.) Ukiona dawa imeshapondwa nyuma ya ghala, kwanza uliza imepondewa nani.

Wakwe wako hapa kwa supu, na mzee ameniinamia ananinong'onezea. Ati yuko na mwatu mwingine mtupu. Ati nimsaidie na hicho kitambaa, akitundike ndani.

Nimemwambia, na wakwe wote wakasikia:

"Kitambaa sitoi. Nimesema."