Mkia wa Liwa

Jumatatu, 11 Agosti 2025

Mlango wa mbele umekojolewa tena! Mara ya tatu. Mkojo wa paka dume, unachoma pua hadi machozi. Na Jumamosi kamati ya msikiti inakuja kumjulia hali Mama. Wiki ijayo kamati hiyo hiyo inachagua katibu. Nani atamchagua mtu mwenye najisi kizingitini? Mimi, Bwanausi, niliyeandika barua kumi na nne kuhusu mabomba ya kutawadhia!

Mshukiwa: dume jeusi la Haidar, jirani yangu na mgombea mwenzangu. Nimemwendea. Ameapa paka wake amehasiwa. Akaniuliza kama na mimi nahitaji namba ya daktari. Mshenzi.

Jumatano, 13 Agosti

Utafiti. Barazani tangu asubuhi, daftari pajani. Mkia wima, ncha imepinda kama ndoana: salamu. Mkia uliovimba kama brashi ya chupa: hofu. Mkia unaochapa sakafu: hasira, usiguse. (Niligusa. Vidole viwili vina bandeji.) Mkia wima unaotetemeka, makalio ukutani: hapo ndipo anapopiga mhuri wa mipaka yake. Serikali nzima ndani ya mkia!

Adhuhuri nimemkamata. Si wa Haidar. Ni Liwa, paka wa Mama mwenyewe, aliyepewa jina hilo kwa rangi yake ya unga wa msandali! Kasimama kando ya tendegu la kitanda cha Mama, mkia wima, unatetemeka. Nimepiga kelele. Dada yangu Hafidha, anayemuuguza Mama, akapangusa tendegu kwa kiganja akanionyesha. Kavu. Akasema, "Kaka, huyo anamfurahia Mama. Ungekuwa na mkia ungejua."

Hoja dhaifu. Mkojo ulikuwa njiani.

Tatizo moja: Mama hanywi uji mpaka Liwa alale miguuni pake. Mazoea tu. Atazoea mengine.

Alhamisi, 14 Agosti

Imekwisha. Liwa ndani ya gunia, bodaboda hadi mashamba ya Fukayosi. Ili paka asijue njia ya kurudi, gunia huzungushwa mara saba; nani wa pwani asiyejua hilo? Nimelizungusha nikiwa nimelikumbatia. Ya tano nikaanguka kwenye mihogo, nikatapika. Liwa akatoka, akajinyoosha, akanitazama. Mkia chini. Hatia tupu!

Mama nimemwambia paka ametoka kutembea.

Jumamosi, 16 Agosti

Balaa! Udi nilifukiza, marashi nilimwaga, kanzu nilipiga pasi. Mwenyekiti, Mzee Majaliwa, akaegemea mlango avue viatu. Bega likalowa. Na pale pale, mbele ya kamati nzima, dume jeusi la Haidar likarudi kinyumenyume hadi mlangoni, mkia juu, ukatetemeka, likaongeza! Haidar, aliyefuatana nao, akasema, bila haya, kwamba labda daktari alikosea paka. Wakacheka.

Kutoka kitandani Mama akauliza Liwa yuko wapi. Kicheko kikakatika.

Hafidha akaniita jikoni. Akanitaka nipande bodaboda saa hiyo hiyo nikamlete. Nikamweleza: nikimrudisha, Haidar atajua nilimhukumu asiye na kosa. Mtu wa kalamu hakosei hadharani. Akasema Mama hajala tangu juzi, na kalamu yangu niinywe kwa uji.

Jumapili, 17 Agosti

Mpango mpya, safi kabisa. Kofia yangu ya manyoya nimeikunja, nikaipasha moto juu ya birika, nikaiweka miguuni pa Mama. Akaigusa kwa kidole gumba. Akasubiri.

"Bwanausi mwanangu," akasema, "huyu hapumui."

Akageukia ukutani. Uji ukapoa, nikaumwaga.

Jumanne, 19 Agosti

Mama amefariki alfajiri. Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun.

Haidar ndiye aliyeshuka kaburini kumpokea. Mimi nilibaki juu.

Ijumaa, 22 Agosti

Hitima imesomwa jana. Leo kamati imemchagua Haidar. Kura za makaburini! Barua ya kumi na tano naianza kesho.

Niliporudi kutoka msikitini nikakuta nyayo za vumbi sebuleni. Liwa! Mbavu nje, sikio limechanika, kaja kwa miguu toka Fukayosi. Kaenda moja kwa moja chumbani kwa Mama. Godoro limeshatolewa, zimebaki kamba tupu. Akaruka juu, akanusa upande wa miguu, akashuka. Akalia mara moja. Kisha akasimama kando ya tendegu, mkia ukapanda wima, ukaanza kutetemeka.

Nimepapasa tendegu. Kavu. Bado kavu. Hanidanganyi!

Hafidha yuko uani, anafua shuka za Mama, hajamwona. Gunia ninalo. Safari hii Msata, mbali zaidi. Na nitazungusha mara kumi na nne.