Mkubwa wa Sicilia Chini ya Daraja

Jumatatu, 13 Septemba 1999

Balaa! Nimepitia misa ya alfajiri, nimefika Warwick, soko letu hapa Durban, nakuta kiti cha Estella kimeegemea nguzo yangu. Nguzo yangu! Miaka yote nasukia watu nywele hapo chini ya daraja. Upepo haunifikii, na wanaoshuka kwenye taxi wananiona mimi kwanza. Nguzo hiyo ndiyo inayosomesha wanangu.

Estella ni Mrundi. Amekuja juzijuzi tu na watoto wawili na mdomo mmoja unaotosha watu sita. Nikamwambia, dada, hapo ni kwangu. Akaniuliza kama jina langu limeandikwa kwenye saruji. Nikatazama. Halikuandikwa.

Wasusi wenzetu wakatuachanisha. Iko desturi kwenye mstari wetu: wawili wakigombea pahali, wengine wanaamua kwa kunyoosha mikono. Wataamua Jumamosi tukifunga kazi. Mpaka hapo, mimi upande huu wa nguzo, yeye upande ule.  Nimesali rozari nzima.

Jumanne, 14 Septemba

Sikulala. Nikipoteza nguzo nitakwenda wapi? Mwisho wa mstari, kwenye robot, zile taa za barabarani, malori yanapuliza moshi usoni mwa mteja. Nani atakaa masaa matano hapo asukwe?

Lakini Mungu hakuniacha. Shemeji Pascal, mdogo wa mume wangu, anayelala sebuleni kwetu hapa Umbilo, amekodi tena kaseti zake mbili za filamu za mafia wa Sicilia, kule Italia. Zimetiwa Kifaransa, kwa hiyo nafuata vizuri. Zamani nilikuwa napita mbele ya televisheni nikifanya ishara ya msalaba. Leo nimekaa. Zote mbili! Wakianza kupigana risasi nafumba macho, Pascal ananiambia, tayari shemeji, wamekwisha kufa, fungua.

Nimeona jambo. Mkubwa wao hapigi kelele kama Estella. Anaongea polepole kama mtu aliyetoka hospitali. Leo anamsaidia huyu, kesho yule, na siku yeye akiwa na shida, wote wako nyuma yake. Na ni Wakatoliki! Wanabatiza, wanafunga ndoa kanisani, wanakula pamoja. Nikajiuliza: kuua ni dhambi, hilo halina ubishi. Kumsaidia jirani nako ni dhambi? Hapana. Basi mimi nachukua ile sehemu ya kusaidia. Bunduki wabaki nazo wenyewe.

Nimepika makaroni. Léonard mume wangu, aliporudi kutoka kulinda magari ufukweni, aliuliza fufu imepatwa na nini. Nikamjibu kwa sauti ya chini kabisa. Akasema hasikii.

Jumatano, 15 Septemba

Mpango umeanza! Gloriose, wa kiti cha pili, alikuwa na siku yake ya kwenda kupanga foleni ya karatasi za ukimbizi, na hana wa kumwachia mtoto. Nikasema mwache kwangu. Nikamwinamia sikioni, nikamwambia taratibu kwamba wema hausahauliki. Akauliza kama koo linaniuma. Akaniletea tangawizi.

Cathy naye analia: dada yake ameingia kutoka Lubumbashi, hana pa kulala. Nikampa sebule. Pascal nimemhamishia kibarazani na kaseti zake. Amenuna. Atajua baadaye.

Mikono miwili tayari! Estella hajamsaidia mtu yeyote. Yeye anacheka tu na wateja. Masikini, hajui kinachomjia.

Alhamisi, 16 Septemba

Nimevaa miwani nyeusi ya Léonard, nikamkazia Estella macho asubuhi nzima bila kusema neno. Kwenye kaseti adui anatetemeka. Estella akatangazia mstari mzima kwamba Mama Joséphine amepatwa na ugonjwa wa macho, mwoneeni huruma. Mchana akaniletea majani kutoka soko la dawa, niyachemshe nijifukize. Eish! Nimejifukiza. Dawa ni dawa.

Gloriose hakumaliza foleni. Amesema mtoto atashinda kwangu mpaka karatasi zitoke. Hakuomba, amesema! Tena mwalimu wa binti yake mkubwa anataka kuonana na mzazi, basi niende mimi, kwa kuwa sasa mimi ndiye mama yao hapa Durban.

Nimerudi nyumbani, sebuleni wako wawili. Dada yake Cathy amemleta mume, na mume amekuja na godoro. Nikamuuliza Cathy kama anakumbuka ni nani aliyemsaidia. Akashangaa sana. Akasema ndiyo maana amemleta kwangu! Mlango ukikufungukia mara moja, mama, utaendaje kugonga kwingine? Hayo yangekuwa matusi.

Sijui. Pale Sicilia ukimpa mtu kitu, anarudi na kofia mkononi. Hapa anarudi na godoro.

Ijumaa, 17 Septemba

Nimesuka vichwa viwili tu kutwa nzima. Mtoto wa Gloriose ametafuna nywele za bandia za mteja, rangi ya dhahabu. Léonard ameoga mwisho, maji ya moto yalikuwa yamekwisha. Ameniuliza hawa ni wageni wa nani. Nikasema wa siasa.

Kesho ndiyo kesho. Ee Bikira Maria, simama upande wangu wa nguzo.

Jumamosi, 18 Septemba

Andika, mkono wangu.

Wakauliza nani anamtaka Mama Joséphine kwenye nguzo. Mkono mmoja. Wangu. Nao nikaambiwa niushushe, mwenye kesi hapigi kura. Wakauliza Estella. Wote! Gloriose alinyoosha mkono huku mtoto wake amelala mgongoni mwangu. Mgongoni mwangu mimi!

Nikasahau ile sauti ya chini. Nikalia kwamba nimewalea, nimewalaza, nimewafanyia nini? Gloriose akanishika mabega kwa upendo, machozi yanamtoka. Akasema: mama, wewe ni mkubwa wetu. Wewe una nyumba ya kulaza watu, una mkono wa kulea, wewe huwezi kulala njaa. Huyu Estella ana nani? Hana hata shangazi. Mwache ashike nguzo, kwa kuwa wewe, mama, ndiwe nguzo yetu sisi. Wote wakasema amina. Cathy akanibusu mkono. Kama kwenye kaseti kabisa! Halafu akabeba kiti changu yeye mwenyewe, kwa heshima, akakiweka mwisho wa mstari, kwenye robot.

Sikula.

Jumapili, 19 Septemba

Baada ya misa nikamfuata Padri wetu mzee. Ni Mwitaliano, tena wa kule kusini. Nikamweleza yote, nguzo, kaseti, miwani. Nilidhani atacheka. Hakucheka. Alikaa kwenye benchi.

Akasema baba yake alikuwa mwoka mikate. Watu wa namna hiyo walikuwa wanakuja dukani, wapole, wanauliza hali ya watoto. Hawakuvaa suti, walinuka jibini la kondoo. Siku moja baba yake alikataa jambo lao. Tanuri likavunjwa usiku, na kijiji kizima hakikusikia kitu. Filamu zinawapa suti na vinanda, akasema. Kwetu hapakuwa na vinanda. Kulikuwa na baba yangu, ambaye tangu siku hiyo mpaka anakufa aliongea kwa kunong'ona, hata akiomba chumvi.

Nikalia, kweli. Nikamshika mkono yule mzee. Akaniambia: mwanangu, msaidie mtu kisha sahau. Nikamwahidi.

Nikarudi nyumbani nikiwaza maneno yake. Ni maneno mazito. Kumbe hata suti si lazima.

Jumatatu, 20 Septemba

Siku ya kwanza kwenye robot. Upepo, vumbi, mteja mmoja, naye akaondoka kichwa kikiwa nusu. 

Saa sita nani anakuja? Estella! Amesimama mbele yangu, mpole, sauti imekwisha. Kuna bomba la daraja linavuja, maji yanadondokea wateja pale kwenye nguzo. Akaomba mwavuli wangu. Moyo ukaniruka. Nikampa pale pale, mimi nikajifunika kanga. Akaomba pia nimchukulie watoto wake shuleni kila siku, kwa kuwa sasa wateja ni wengi mno na wewe, samahani mama, naona una nafasi. Nikakubali. Akaomba nimsaidie kusuka vichwa vinavyomzidi, malipo tutaelewana. Nikakubali! Niliongea polepole sana. Sijawahi kuongea polepole hivyo.

Sasa mwavuli alioshika ni wangu, watoto amenikabidhi mimi, na vichwa vyake vinasukwa na mikono yangu. Madeni matatu kwa siku moja!

Masikini Estella. Amenasa kabisa, wala hajui.