Jinsi Hua Jinquan wa Wuxi Alivyoigawanya Suzhou

Sogeeni, enyi wa bara na wa visiwani, enyi wenye vyeo na msio navyo. Anayekuna nazi aache, aliyeshika fagio aliegemeze ukutani, kwa maana habari hii haisikilizwi na mtu mwenye shughuli. Nitawasimulia vita vilivyopiganwa huko Uchina, kando ya ziwa Taihu, msimu wa kaa walionona, baina ya Wuxi na Suzhou, miji miwili inayochukiana kwa upole, kama ilivyo ada ya majirani wenye mali. Upanga haukuchomolewa. Kilichochomolewa ni simu, tena yenye kioo kilichopasuka.

Shujaa wetu ni Hua Jinquan, mwana wa Wuxi, mstaafu wa kiwanda cha pampu, Mla-Mbavu-Tamu, Bingwa wa Kugawanya, ambaye kila mwaka takwimu za uchumi zinapotoka huusoma ukurasa wa miji kama wengine wasomavyo matokeo ya mpira. Siku hiyo alikwenda na mkewe, Zou Meifen, kukutana hotelini na Pan Shoukang wa Suzhou, ambaye mwanawe alikuwa amemchumbia Lianyi, binti pekee wa Hua. Jambo lililowakutanisha lilikuwa moja: karamu ya harusi ifanyike mji gani. Hua aliitaka Wuxi kwa moyo wake wote, ila sababu hakumwambia mtu, hata mkewe.

Pambano la kwanza lilikuwa la kiti, kile kinachotazama mlango, ambacho ni cha mheshimiwa.

"Kaa hapo, mkwe!"

"Mimi nani? Kaa wewe!"

"Sithubutu, wallahi nakataa!"

Wakasukumana kwa adabu kubwa, kitambaa cha meza nusura kiende na vikombe vyake, hata mwisho akakikalia Meifen, kwa kuwa miguu ilikuwa inamuuma.

Kaa walipoletwa, wekundu, wakifuka mvuke, Pan Shoukang, Ngome ya Suzhou, akasimama kitambi mbele, akanena: "Mkwe mwenzangu! Tusizungushane. Mji mkubwa ndio hubeba mzigo mkubwa. Weka pato la Suzhou la mwaka mzima kando ya pato la Wuxi, utaona nyati amesimama na ndama. Karamu ije kwetu, nyinyi mje mle, mpumzike."

Moyo wa Hua ukaruka kwa furaha, kwani adui alikuwa ameingia mwenyewe katika uwanja aliomwandalia kwa wiki nzima.

"Jumla!" akanguruma. "Nyinyi watu wa Suzhou hamjui neno jingine. Sufuria ya kambi ya jeshi ni kubwa kuliko yangu ya nyumbani, nakubali. Lakini muulize kila askari amepata vijiko vingapi!"

Ndipo akaichomoa simu. Laiti mngekuwapo! Aliyachukua mapato yote ya Suzhou, viwanda vyake, hariri yake, maghorofa yake yanayokuna mawingu, akayapasua kwa idadi ya watu wote wanaokaa humo. Kisha akaufanyia mji wake vivyo hivyo, bila upendeleo. Suzhou iliyosimama kama jabali ikanywea, na Wuxi ikapanda juu yake.

"Kwa kila kichwa, mkwe, sisi tuko mbele!"

Pan akavaa miwani, akaivua, akaifuta kwa shati, akaivaa tena. Tarakimu hazikumwonea haya. "Nyinyi mnatia sukari hata kwenye nyama," akasema kwa uchungu. "Bila shaka mmeitia na kwenye hesabu."

Hua akacheka hadi machozi. Lianyi, aliyekuja na mchumba wake na kuketi kando yake, alikuwa akichokonoa mguu wa kaa. Akauliza, "Baba, hivi hivyo vichwa vinahesabiwaje? Kwa kitabu cha kaya, kule mtu alikoandikishwa na serikali?"

"Aa, mwanangu, hayo ya kizamani. Mtu anahesabiwa anapokaa."

"Basi mimi ni kichwa cha Suzhou."

"Nini?"

"Si ndiko ninakokaa tangu nimalize chuo?"

Pan akaipiga meza, kaa wakatetemeka. "Jamani mmesikia! Wanatuletea watoto wao, wanatuongezea vichwa vya kugawia, halafu wanatucheka kwamba tumekuwa wengi! Huu ni ujanja gani, mkwe?"

"Lakini na kazi nafanya, baba," Lianyi akamwambia Pan.

"Unafanya, mwanangu, tena sana. Lakini mzee wako leo amekutumia kutugawanya!"

Wote walingoja Hua ajibu mapigo. Akaitazama simu, kisha akamtazama binti yake. Bingwa wa Kugawanya alikuwa na huzuni, na ilionekana wazi.

"Tangu uondoke," akasema taratibu, "mama yako bado anapika sahani ya watu watatu. Tunaila wawili. Kwa hesabu yangu mimi, tumetajirika." Akaiweka simu mezani. "Mbona sishibi?"

"Wewe mzee!" akasema Meifen, akigeuza uso. "Si uliniambia unapenda nyumba ikiwa kimya?"

"Nilidanganya." Kisha akamgeukia Pan. "Mkwe, mmeshinda. Suzhou ni kubwa, maana hata wangu mko naye. Ila mila yetu bibi harusi hutoka mlangoni kwa babake. Nipeni karamu, ili aje akae nasi siku mbili tatu kabla ya kutoka. Mimi sina jingine."

Pan Shoukang, Ngome ya Suzhou, akabomoka papo hapo. "Tumeshinda nini, bwana? Nyinyi ndio mko mbele, nimeona kwa miwani yangu! Karamu ni Wuxi!"

"Hapana, mji wenu ndio mkubwa!"

"Wenu ndio tajiri!"

"Sithubutu!"

"Ni Wuxi, na akibisha mtu sili kaa!"

Basi ikawa Wuxi. Lianyi akaja wiki nzima kabla ya harusi, akajaza viatu mlangoni, akamaliza maji ya moto. Wenye takwimu husema mgeni wa wiki moja haingii hesabuni. Hua Jinquan alimwingiza. Na iandikwe katika kumbukumbu za falme, watoto wa watoto waisome: kulikuwa na wiki ambayo mji wa Wuxi ulishuka kwa sababu ya kichwa kimoja kilichoongezeka, na shujaa wake, aliyeupigania kwa simu na kwa ulimi, alikuwa akipita jirani kwa jirani akiwatangazia, kifua mbele, kwamba Wuxi imefilisika.