Mvua ya Kikombe Kimoja

Jumatatu, 3 Februari
Mkutano wa maji. Binti wa Mshona Mapazia, jirani yangu wa ng'ambo ya barabara, kasimama na kamba yake ya kupimia kisima. Kasema maji yameshuka, yako mita kumi na tisa chini. Wiki jana kumi na saba. Watu wakaguna. Mama yake anajipepea utadhani kisima kakichimba yeye.

Kisha mwanangu. Mwenye diploma, shati nimelipiga pasi mwenyewe! Yeye anapima mvua, chombo chake kipo uani kwetu. Akasema sifuri, akakaa.

Sifuri! Mtoto niliyemsomesha kwa nyanya za bustani yangu.

Jumanne, 4 Februari
Nimemuuliza kwa upole kama hawezi kupata hata moja. Kacheka. Kasema sifuri ni habari kubwa, inaonyesha kisima hakijazwi, na tukishajua maji yanaishia wapi ndipo tutajua nani apewe kwanza. Anaongea vizuri, kanirithi mimi. Lakini yule binti ana kumi na tisa.

Jumatano, 5 Februari
Alfajiri nimemimina kikombe cha maji kwenye chombo. Na ndoo mbili uani, ardhi ilowe. Mwanangu kaamka, kakuna kichwa, kaandika milimita ishirini. Machozi yalinilenga.

Ijumaa, 7 Februari
Balaa. Kamati imepanga: maji ya kunywa kwanza, mifugo pili, bustani mwisho. Na bustani za mtaa uliopata mvua zisubiri kabisa. Mtaa wenyewe ni wetu. Nyanya zangu ndiyo kwanza zina maua! Ng'ambo wanamwagilia. Mshona Mapazia kanipungia mkono wenye mpira wa maji.

Jumapili, 9 Februari
Binti yake kaja kukagua chombo na mwanangu. Wamekiinamisha. Kisha nikaitwa.

"Mama, mvua gani hii inanyesha na majani ya chai?"

Nikasema hali ya hewa siku hizi imebadilika. Binti kageukia ukutani, mabega yanamtikisika. Mwanangu hakucheka. Kasema kazi yake iko hatarini, na mtaa mzima umenyimwa maji kwa kikombe changu. Niliumia, kwa kweli. Mpaka jioni, Mshona Mapazia aliponiletea nyanya na kuniambia, "Pole, shoga."

Nyanya zenyewe kubwa.

Jumanne, 11 Februari
Mwanangu kakiri yote ofisini. Mgao umerekebishwa, kazi kaachiwa. Alhamdulillahi. Ila chombo cha mvua kimehamia, kwa nani tena, kwa Mshona Mapazia. Mwanangu kapewa kipimajoto, kimetundikwa kivulini nyuma ya jikoni. Leo kimesoma ishirini na tisa. Ng'ambo, nasikia, kipimajoto chao kina thelathini na moja.

Kaniapisha nisikiguse. Nimeapa, na sitakigusa. Jiko la mkaa ndilo nitakalolisogeza kidogo.