Bawaba ya Karavani Yetu

Jumatatu, 5 Agosti

Janelle anarudi huku Mackay! Si kurudi kabisa. Anarudi kwa siku moja. Lakini kurudi ni kurudi.

Habari nimepewa na bosi wangu, Baz, huku mdomo wake umejaa pai ya nyama. Jumamosi ya wiki ijayo ni mashindano ya wachoraji wa mitambo, pale klabu ya wazee wanaobingirisha tufe kwenye nyasi. Atakayetunga michoro na kuamua ni Janelle, kutoka Gladstone anakoishi siku hizi. Baz akaniuliza kama niko sawa. Nikamwambia niko sawa kabisa. Akasema basi niache kukoroga chai kwa penseli.

Sijawa sawa tangu aondoke. Bado nalala upande wangu tu wa kitanda, ule mwingine nauachia nafasi. Nimemkumbuka mpaka nachoka.

Mchezo wenyewe: unapewa mchoro wa karatasi wenye vipimo vyake, unajenga umbo kwenye kompyuta, unalichagulia chuma, kompyuta inakupa uzito. Wa kwanza kutaja uzito sahihi kashinda. Ndiyo kazi yangu ya kila siku, ila hii ni ya mbio.

Mpango: nashinda. Janelle ananikabidhi kikombe. Mikono yetu inagusana. Mengine yatajipa.

Kikwazo ni kimoja tu, Glenys. Bibi mstaafu, alichora mitambo ya kiwanda cha sukari tangu enzi za wino na wembe wa kukwangulia makosa. Kikombe hakijawahi kutoka nyumbani kwake. Inasemekana anapandia maua humo.

Jumatano, 7 Agosti

Nimenunua kipanya kipya. Vitufe kila mahali! Kidole gumba kinatoboa, cha kati kinakata, kidogo kinalainisha kona. Kasi imeongezeka maradufu. Hata sihitaji kufikiri.

Hapo ndipo balaa lilipoanzia. Nilikuwa namalizia bomba kubwa la kumwagia makaa ya mawe, kazi ya mgodi, na kidole kidogo kikawa kinawasha. Nikakikuna. Kona zote zikalainika, sikuona, nikautuma mchoro karakana.

Saa ya chai wachomeleaji wakaja ofisini kundi zima. Wakauliza kama siku hizi mgodi unachimba sabuni. Mmoja akasema hapana jamani, mwacheni Lyle, mwenzenu ana mapenzi, kila kitu anakiona laini. Wakacheka mpaka wakashikana mabega. Baz hakucheka. Kaniambia nikirudia nitakwenda kufagia karakana.

Wivu tu. Kipanya nimekiweka mfukoni, nikarudi nacho nyumbani.

Ijumaa, 9 Agosti

Mazoezi klabuni. Nimekaa nyuma ya Glenys makusudi, nimpeleleze. Siri yake lazima niijue.

Mchoro ukagawiwa. Mimi huyo! Kabla sijaliona jina la kitu chenyewe nilikuwa nimeshachora duara. Glenys je? Katulia. Mikono mapajani. Anaukodolea macho mchoro, midomo inachezacheza. Nikadhani anasali. Baadaye nikadhani kalala. Nikamwonea huruma, maskini, uzee.

Mara akashika kipanya, tena kikuukuu chenye waya, akaenda polepole bila kurudi nyuma hata mara moja. Akataja uzito. Sahihi. Mimi nilikuwa nafuta duara langu kwa mara nyingine tena, maana kumbe kitu chenyewe kilikuwa cha pembe nne.

Nikamfuata kwenye chai, nikamletea keki ya nazi, nikamwomba anipe siri. Akaila keki yote. Akasema, "Mwanangu, mimi nasoma kwanza. Nikishaelewa ndio nachora. Basi, hamna kingine."

Anasoma kwanza! Ananiona mtoto huyu. Mtu mwenye siri ya kweli haitoi kwa keki. Lakini nina macho: Glenys anakalia mto wa kijani wenye vifundo. Hakuna mwingine ukumbini mwenye mto. Nimeshaelewa.

Jumapili, 11 Agosti

Joto, na moshi wa kiwanda cha sukari umejaa mtaani, ule utamu unaokaa kooni. Janelle alikuwa akiupenda. Alikuwa anafungua madirisha yote, mimi nakohoa, yeye anacheka.

Nimeshinda ndani ya karavani yetu, kile kinyumba tulichonunua tukivute nyuma ya gari tuzunguke nchi nzima. Ipo uani imefunikwa turubai. Paa lake ni la kuinua. Bawaba ya lile paa tuliichora mimi na yeye, kompyuta moja, mapumziko ya mchana kazini, magoti yamegusana. Vipimo vyake naweza kuvitaja usingizini. Yeye alisema pini ni nyembamba. Nikasema inatosha. Akasema tena. Nikamwambia mpenzi, niamini.

Safari ya kwanza tulifika Bowen tu. Janelle alikuwa ametoka kufuata maziwa, paa likaja chini lote. Birika likawa sahani. Alisimama nje na chupa yake ya maziwa akiangalia kiti chake kilicho chini ya paa. Tena ulikuwa upepo ule, si pini. Nimemweleza mara nyingi.

Pini ninayo. Ilipinda, nikainyoosha kwa nyundo. Siku tuliyoitoboa ile bawaba alichukua msumari akakwaruza kwenye pini herufi zetu, J na L, akaibusu, akanipa. Naiweka mfuko wa shati. Nikiishika inakuwa ya moto kama mkono wa mtu. Ni joto la mwili wangu, najua. Lakini naishika.

Natamani nimsikie akikohoa chumba cha pili, hata hilo tu.

Jumanne, 13 Agosti

Mazoezi ya mwisho. Nimefika mapema, nimeuchukua mto wa Glenys, nimeukalia. Sikuiba. Nimeazima bila kumsumbua.

Akaja, akatazama kiti chake, akatazama ukumbi mzima, akaniangalia mimi nilivyoinuka juu kuliko wote. Akakaa kwenye mbao tupu.

Akanishinda kwa kasi ambayo haijawahi kuonekana klabuni! Watu wakapiga makofi. Walipomuuliza akasema kiti kinamuumiza nyonga, alitaka kumaliza aende zake nyumbani. Akaja kwangu akanyoosha mkono. "Lete mto wangu, kijana. Wewe tatizo lako haliko huko chini, liko juu."

Alimaanisha kompyuta, nadhani. Ni kweli inakwamakwama.

Jumamosi, 17 Agosti

Nimemwona.

Nywele kakata. Shati la bluu. Bado anasimama kwa mguu mmoja akifikiri, mwingine kaupumzisha juu ya kisigino. Nilikuwa nimejiandaa na maneno mazuri kabisa. Alipopita mezani kwangu akasema, "Lyle. Habari za siku nyingi." Nikajibu, "Chuma." Sijui kwa nini. Akatabasamu kidogo akapita.

Raundi za mwanzo nilipenya. Nieleze ukweli? Kijana wa bandari kompyuta yake ilizima, na yule jamaa wa mabomba alikosea uzito akakasirika akaenda kuvuta sigara. Si hoja. Nikaingia fainali. Mimi na Glenys, tumekaa bega kwa bega, yeye na mto wake.

Nikaitoa pini mfukoni, nikaiweka kando ya kibodi. Janelle aliiona. Naapa aliiona! Akasimama akaiangalia, karatasi mkononi, akasahau kugawa mpaka Baz akapiga chafya.

Karatasi zikageuzwa. Mungu wangu. Ilikuwa ni bawaba yetu.

Bawaba YETU! Masikio yake mawili, mgongo wake wenye pembe, kila kitu. Katika vitu vyote duniani, kanichorea hicho. Machozi yakanilenga. Nikajiambia Lyle, huyu mwanamke anasema na wewe mbele za watu. Sikuhitaji kusoma hata tarakimu moja. Vidole vilijua njia. Nilijenga huku namwangalia yeye. Glenys bado alikuwa na mikono mapajani nilipoinua mkono nikataja uzito kwa sauti ya kujaa ukumbi.

"Si sahihi," Janelle akasema.

Si sahihi! Nikakagua. Masikio, sawa. Mgongo, sawa. Chuma, sawa. Tundu la pini sikulikagua, kwa nini nilikague? Hilo tundu nalijua. Nikataja tena. Si sahihi. Nikabadilisha chuma nikaweka shaba. Si sahihi. Wachomeleaji wetu kule nyuma wakaanza kuuliza kama nimejaribu sabuni.

Glenys akakishika kipanya chake chenye waya. Akachora. Akataja. Sahihi. Ukumbi ukalipuka, kikombe kikarudi kwenye maua yake.

Watu walipotoka Janelle akabaki anakusanya karatasi. Akaja akakaa kwenye kiti cha Glenys. Alikuwa karibu hivyo. Harufu ya mafuta yake ya kujikinga na jua ni ile ile. Akaniuliza kama niliusoma mchoro. Nikamwambia niusome wa nini, bawaba hii tuliichora pamoja. Akafumba macho kidogo. Akaniwekea karatasi mbele, akaweka kidole kwenye tundu.

"Milimita kumi na sita, Lyle. Zamani ilikuwa kumi. Na hapa kuta nimezinenepesha. Nilikuandikia kila kitu pale. Ulitakiwa usome tu."

Nikasema nilimwangalia yeye. Akasema anajua, alikuwa ananiona. Akasema ndiyo shida yenyewe. Lakini hakukasirika! Sauti ilikuwa ya chini, ya uchovu. Akaichukua ile pini akaigeuza, akazipapasa zile herufi kwa kidole gumba. Nilitamani dunia isimame hapo hapo.

Kisha akasema kitu ambacho nakiandika neno kwa neno. Amesema, "Na mimi nimeikumbuka karavani, usidhani vingine. Itengeneze hiyo bawaba kama ilivyochorwa hapa. Kama ilivyochorwa, umenisikia? Ukimaliza nipigie. Nitakuja tunywe chai humo."

Akanipa mchoro. Akaondoka. Nilibaki nimekaa mpaka mzee wa klabu akaja kuzima taa, akanipigapiga bega akasema pole bwana, kushindwa ni kawaida. Kushindwa? Mimi? Nilimhurumia.

Jumapili, 18 Agosti

Siku ya furaha kuliko zote! Nimeamka kabla ya ndege. Nimeubandika mchoro wake ukutani mwa karakana yangu ya uani, mahali pa heshima. Mwandiko wake mzuri sana. Nimeubusu.

Nikakata chuma. Masikio mawili, mgongo wenye pembe. Mchoro sikuhitaji kuuangaliaangalia, nisije nikauchafua kwa mafuta.

Lilipofika tundu nikasita. Nilikumbuka vizuri tu, kumi na sita. Mimi si mjinga. Kijiti cha kutobolea cha kumi na sita hata ninacho. Lakini nikaitoa pini yetu nikaijaribu kwenye tundu la namna hiyo kwenye kipande cha bati. Ilicheza humo ikaanguka chini. Nikaiokota. J na L. Sasa nifanyeje, niitupe? Niweke pini ya dukani isiyo na jina la mtu? Aje, akae, ainue macho, asiyaone majina yetu? Aliipapasa jana kwa kidole gumba! Mwanamke hapapasi kitu anachotaka kitupwe.

Nimetoboa kumi. Pini imeingia sawasawa, kama zamani. Nimeipaka mafuta, herufi zimeng'aa.

Nikainua paa. Likakaa! Likalia kidogo, likainama kidogo upande wa mlango, nikaliegemezea ufagio. Ni upepo. Upepo wa Agosti unajulikana.

Nikampigia. Nikamwambia tayari. Nikasikia gari zikipita kwake. Akauliza kama nimeitengeneza kama ilivyochorwa. Nikamwambia mpenzi, niamini. Akasema haya, Jumamosi mchana, maziwa atakuja nayo.

Jumamosi! Nimeosha mapazia. Nimenunua birika jipya. Ufagio nitauondoa asubuhi hiyo, hautaleta picha nzuri. Meza nimeiweka katikati chini ya paa, na kiti chake nimekirudisha pale pale alipokuwa akikaa.